Jina la Rais na Mdomo wa Kondakta

Pale Tazara, Dar es Salaam, Nyerere na Mandela wanapishana usiku na mchana. Barabara ya Nyerere inatoka mjini kuelekea uwanja wa ndege, ya Mandela inatoka upande wa bandari kuelekea Ubungo, na juu ya makutano hayo kuna daraja lenye jina la mhandisi Patrick Mfugale, lililozinduliwa Septemba 2018. Marais wawili na mhandisi mmoja kwenye njia panda moja. Sasa panda daladala inayopita hapo. Kondakta atagonga bodi na kuuliza, "Tazara wapo?" Abiria watajibu, "Shusha!" Basi. Mfugale hatajwi, na ukisema unashukia makutano ya Nyerere na Mandela, gari zima litageuka kukutazama wewe ni mgeni wa nani.

Serikali inatoa jina kwa tangazo, kwa kibao na kwa kitambaa kinachofunuliwa mbele ya kamera. Wananchi nao wana tangazo lao, halina tarehe wala sahihi. Mara nyingine matangazo hayo mawili yanakubaliana, mara nyingi hayakubaliani. Historia ya majina ya marais wa Tanzania kwenye barabara, madaraja, hospitali na viwanja ni historia ya mvutano huo, na inaanza na rais ambaye miradi mikubwa ya zama zake haikubeba jina lake.

Tazama alichokijenga Mwalimu Julius Nyerere kati ya 1961 na 1985. Chuo kikuu kilichopata hadhi kamili mwaka 1970 kiliitwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uwanja wa ndege uliofunguliwa kaskazini mwaka 1971 uliitwa Kilimanjaro. Reli iliyojengwa na Wachina hadi Kapiri Mposhi iliitwa Reli ya Uhuru, na kwa mdomo ikawa Tazara. Bwawa la umeme la Kidatu likaitwa Kidatu. Hospitali ya Princess Margaret, iliyopewa jina la mdogo wake Malkia Elizabeth alipokuja mwaka 1956, ikawa Muhimbili. Kwa hiyo majina ya wakoloni yalikuwa yanang'olewa kweli, ila pengo lake halikuzibwa na jina la mkuu wa nchi.

Si kwamba Mwalimu hakuonekana. Noti za kwanza za Benki Kuu, zilizotoka mwaka 1966, zilikuwa na picha yake, na sarafu nazo. Mtu aliyekataa kujaza jina lake barabarani alikuwa ndani ya kila mfuko wa suruali na kila pindo la kanga. Hadi leo sarafu ya shilingi 100 ina sura yake, na ile ya 200 ina ya Mzee Karume. Wasifu wake wa unyenyekevu ni wa kweli, lakini una doa hili dogo la shaba na nikeli.

Barabarani walipewa nafasi wageni. Mtaa mkuu wa Dar es Salaam, ule ambao Wajerumani waliupanda mikesia na Waingereza wakauita Acacia Avenue, baada ya uhuru ukaitwa Independence Avenue, kisha ukawa wa Samora, rais wa kwanza wa Msumbiji. Unakutana na wa Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, karibu na Sanamu la Askari. Mbele kidogo utampata Nkrumah. Sekou Toure wa Guinea alipewa hospitali ya mkoa Mwanza, na Jomo Kenyatta akapata barabara katika jiji hilohilo. Barabara ya zamani ya kuingilia bandarini ikawa ya Mandela, na ile inayotoka Ubungo kupitia Chuo Kikuu hadi Mwenge ikapewa Sam Nujoma, ambaye chama chake cha SWAPO kilifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi ya ukombozi. Ukiitembea ramani ya jiji hilo unasoma sera ya mambo ya nje ya Tanzania: nani alikuwa ndugu, nani alihifadhiwa hapa, nani alisaidiwa.

Watanzania waliopewa majina enzi hizo kwa kawaida walikuwa marehemu. Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, aliuawa kwa risasi Aprili 7, 1972. Edward Sokoine hakuwa rais, alikuwa Waziri Mkuu, lakini namtaja kwa sababu jina lake ndilo lililotolewa haraka kuliko yote: alifariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro Aprili 12, 1984, na Julai mwaka huohuo kitivo cha kilimo kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Watu walikuwa bado na majonzi. Jina lilikaa mara moja, na leo hakuna mtu Morogoro anayesema "chuo cha kilimo". Wanasema Sua, kwa kifupi chake, na wazee wanasema Sokoine.

Jina la Karume limekwenda njia nyingine kabisa. Ilala kuna uwanja mdogo wa mpira unaoitwa Karume, zilipo ofisi za shirikisho la soka, na jirani yake kuna soko la mitumba. Soko hilo liliungua Januari 2022, wafanyabiashara wakarudi, na msichana wa Dar es Salaam anayekuambia "hii blauzi nimeitoa Karume" wala hamfikirii Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Anafikiria balo lililofunguliwa alfajiri, wale wanaowahi "kamera", yaani nguo za daraja la kwanza, na wanaokuja saa nne kukuta makombo. Sioni kama ni kumkosea heshima marehemu. Mzee Karume alikuwa baharia kabla ya siasa na alipenda kukaa na watu wa kawaida. Kutajwa na wachuuzi kuanzia asubuhi hadi jioni ni zaidi ya wanachopata marais wengi wenye sanamu.

Mwalimu alifariki London Oktoba 14, 1999, na hapo ndipo bwawa likafunguka. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya kuwaenzi waasisi wa taifa, ikimaanisha yeye na Karume. Chuo cha Kivukoni, kilichoanzishwa na TANU mwaka 1961 kuwapika makada, kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mwaka 2005. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ukapewa jina lake katikati ya muongo huo. Viwanja vya maonesho ya biashara vya Barabara ya Kilwa vikapewa jina lake. Mwaka 2013 kikaja kituo cha mikutano cha kimataifa, zawadi ya China, ambacho Rais Xi Jinping alikitumia kutoa hotuba yake juu ya Afrika mara baada ya kuingia madarakani. Likaja daraja, ikaja hifadhi, likaja bwawa la umeme, kikaja chuo kikuu cha kilimo Butiama na chuo cha uongozi Kibaha kinachomilikiwa na vyama sita vya ukombozi. Huko Addis Ababa, Umoja wa Afrika una jengo la amani na usalama lenye jina lake, na Februari 2024 sanamu yake ikazinduliwa.

Majina haya yote hayana uzito mmoja. Vile viwanja vya maonesho, kwa mfano: kila tangazo la redio linalovitaja linalazimika kuongeza "maarufu kama Sabasaba", kwa sababu bila nyongeza hiyo hakuna atakayefika. Na ni sawa. Saba Saba ni Julai 7, siku TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, na Nyerere alikuwa rais wake wa kwanza. Jina la zamani lilikuwa linamtaja bila kumtaja.

Barabara ya Nyerere, kwa upande mwingine, ni jina lililopata mahali pake hasa. Zamani iliitwa Barabara ya Pugu, na Pugu ndipo Nyerere alipofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, katika shule ya wamisionari ya Mtakatifu Fransisko. Ukimwuliza mzee yeyote wa Gongo la Mboto atakusimulia kuwa mwalimu huyo alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Pugu hadi mjini kwenye mikutano ya siasa, kisha anarudi darasani. Mwaka 1955 wakuu wake wakamtaka achague, shule au TANU, naye akaacha kazi. Kwa hiyo barabara hiyo haikupewa mtu aliyekuwa akipita kwa msafara wa magari. Ilipewa mtu aliyeijua kwa nyayo, na kati ya majina yote ya Nyerere nchini, hilo ndilo ningelitetea la kwanza kama lingetakiwa kufutwa.

Kabla ya kwenda mbali, tuchungulie kwa jirani. Kenya ilikuwa na desturi tofauti tangu mwanzo. Delamere Avenue ya Nairobi ilipewa jina la Kenyatta, na ukumbi mkubwa wa mikutano wa jiji hilo, uliofunguliwa mwaka 1973, ukaitwa Kenyatta naye akiwa Ikulu. Daniel arap Moi akaongeza mwendo: barabara Nairobi na Mombasa, uwanja wa ndege Mombasa, Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, uwanja wa michezo wa Kasarani mwaka 1987, shule zisizohesabika, na sikukuu ya taifa kila Oktoba 10. Sikukuu hiyo baada yake imepitia majina kama mtu anayekimbia wadai: ikawa Siku ya Huduma, ikawa Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Uwanja bado kibao chake kinasema Moi, Wakenya wanasema Kasarani.

Tanzania ilifika huko kwa kuchelewa, na ilifika kwa kupitia mto. Mwaka 2003 lilizinduliwa daraja la mita 970 juu ya Mto Rufiji, likaitwa Daraja la Mkapa, na Benjamin Mkapa alikuwa bado rais. Waziri wa Ujenzi wakati huo alikuwa John Pombe Magufuli. Kumbukeni majina hayo mawili na mfuatano wake, yatarudi.

Watu wa kusini hawakulalamikia jina. Kabla ya daraja, msafiri wa Lindi au Mtwara alifika Ndundu akakuta kivuko, na kivuko kilikuwa na tabia zake. Mvua ikizidi, maji yakijaa au injini ikigoma, foleni ya malori na mabasi ilijipanga na watu wakalala humo, mama ntilie wa Ndundu wakifanya biashara ya maana. Mkapa alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi, na watu wa kusini walikuwa na malalamiko ya miongo kuwa serikali imewasahau. Daraja lilipofunguliwa hakuna aliyehitaji kuelezwa jina linahusiana na nini. Hata leo dereva wa basi la Masasi anasema "tumevuka Mkapa" kama anavyosema tumepita Kibiti.

Baada ya hapo kizuizi kilikuwa kimeondoka. Jakaya Kikwete, katika miezi yake ya mwisho mwaka 2015, aliacha taasisi ya tiba ya moyo pale Muhimbili ikiwa na jina lake, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mwaka huohuo alifungua hospitali ya rufaa jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na hiyo akaipa jina la mtangulizi wake: Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hospitali hiyo ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, jambo ambalo zamani lilimaanisha tiketi ya India. Ukiniuliza mimi, hospitali ni mahali pagumu kupeleka jina la mwanasiasa. Barabara ikiharibika watu wanailaumu mvua. Mgonjwa wako akifia wodini, jina lililo juu ya mlango unaondoka nalo. Lakini hizi mbili zimejitahidi, na "amepelekwa Jakaya Kikwete" siku hizi ni sentensi inayotamkwa kwa matumaini.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, huyu aliyeitwa Mzee Rukhsa, hakupata mengi ya kitaifa ukilinganisha na wenzake. Ana barabara kubwa Dar es Salaam na uwanja wa mpira Tabora. Barabara yake inapita Daraja la Salenda, na hapo pana kisa. Salenda ni Selander, aliyekuwa mkurugenzi wa idara ya ujenzi ya serikali ya Waingereza. Daraja lilijengwa mwaka 1929. Uhuru umepita, Azimio la Arusha limepita, vyama vingi vimekuja, na jina la ofisa huyo wa kikoloni bado linatamkwa kila asubuhi kwenye taarifa za foleni, wala hakuna anayemjua. Serikali ilipojenga daraja jipya kando yake baharini, lililoanza kutumika mwaka 2022, ilikwepa mjadala wote ikaliita Tanzanite. Jiwe halina chama wala wapinzani.

Hilo daraja jipya linashukia kwenye barabara nyingine yenye funzo. Rais Barack Obama alikuja nchini Julai 2013, na kwa heshima yake Barabara ya Ocean, inayopita pwani kutoka Ikulu, ikaitwa Barack Obama Drive. Kibao kipo. Lakini taasisi ya saratani iliyo kando ya barabara hiyo, katika jengo la Wajerumani, inaitwa Ocean Road, na kwa Mtanzania neno Ocean Road lina uzito ambao Obama hawezi kuuondoa. Ndugu akisema "tunampeleka Ocean Road", hakuna anayeuliza barabara ipi.

Sasa turudi kwa Magufuli. Hakuna rais wa Tanzania aliyependa kugawa majina kama yeye, na mtindo wake ulikuwa wa mtu wa ujenzi. Daraja la Kigamboni, la mita 680, alilizindua Aprili 2016 akaliita Daraja la Nyerere. (Wakazi wa Kigamboni wanaliita Daraja la Kigamboni, na wakikasirishwa na tozo wanaliita majina mengine.) Daraja la juu pale Tazara akampa Mfugale, mkuu wa wakala wa barabara, akiwa hai na kazini. Lile la ngazi tatu la Ubungo akampa Balozi Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi wake. Wote wawili aliwahi kufanya nao kazi Wizara ya Ujenzi. Kwa Magufuli, kumpa mtu daraja ilikuwa kama fundi anayemwachia mwenzake nyundo.

Jina kubwa kuliko yote aliyogawa alilitoa Rufiji, Julai 26, 2019, siku ya jiwe la msingi la bwawa la umeme. Mahali hapo palijulikana kama Stiegler's Gorge, kwa jina la Mzungu ambaye inasimuliwa aliuawa na tembo huko mwaka 1907. Bwawa lilikuwa ndoto ya miaka ya 1970, enzi za Nyerere. Serikali yake iliunda hata mamlaka ya kuendeleza Bonde la Rufiji mwaka 1975, tafiti zikafanywa, fedha hazikupatikana. Kwa hiyo mradi wa megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, uliitwa Mradi wa Umeme wa Julius Nyerere, na kihistoria hilo halina ubishi. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024.

Lakini Magufuli hakuishia kwenye bwawa. Siku hiyohiyo akatangaza kuwa Pori la Akiba la Selous ligawanywe, na sehemu kubwa iwe hifadhi ya taifa yenye jina la Nyerere. Hivyo ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilomita za mraba 30,893, kubwa kuliko nyingine zote nchini. Selous mwenyewe alikuwa mwindaji wa Kiingereza, Frederick Courteney Selous, aliyepigana Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanalea wajukuu. Alipigwa risasi na askari wa upande wa Wajerumani Januari 4, 1917, mahali panapoitwa Beho Beho, na akazikwa hapohapo. Beho Beho sasa iko ndani ya mipaka mipya. Maana yake ni kwamba Kapteni Selous amezikwa ndani ya Nyerere, huku jina la Selous likibaki upande wa kusini ambako hakufia. Na katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, iliyoliingiza pori hilo mwaka 1982, jina bado ni Selous.

Wenyeji hawakuhangaika na majina hayo mawili. Waliliita pori hilo Shamba la Bibi, kwa simulizi kwamba Kaiser wa Ujerumani alimpa mkewe zawadi. Jina hilohilo la Shamba la Bibi wapenzi wa mpira waliupa Uwanja wa Uhuru, ule wa zamani wa Taifa uliopo Temeke, na Uwanja wa Uhuru ndiko habari yetu inakohamia.

Julai 2020 Mkapa alifariki. Mwili wake uliagwa Shamba la Bibi, na jirani kabisa, ukuta kwa ukuta, ulikuwapo uwanja mkubwa wa watu 60,000 ambao ujenzi wake ulianza katika utawala wake kwa msaada wa China na kukamilika mwaka 2007. Kwa miaka 13 uwanja huo uliitwa Uwanja wa Taifa, au Uwanja Mpya, au Kwa Mchina, kila mtu na lake. Siku ya kuaga, Rais Magufuli, yule waziri wa daraja la Rufiji, akatangaza kuwa kuanzia sasa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Kwa kawaida jina kama hilo lingechukua miaka kuzoeleka. Hili lilichukua msimu mmoja, na kazi haikufanywa na serikali bali na klabu ya Simba. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2020/21 mashabiki wake walikuja na msemo "Kwa Mkapa hatoki mtu". Al Ahly ya Misri, mabingwa watetezi, wakafungwa 1–0 Februari 23, 2021. AS Vita ya Kinshasa ikala nne. Msemo ukaandikwa kwenye fulana, vitenge, matangazo ya kampuni za simu, na nyuma ya bajaji. Kisha Kaizer Chiefs wakaja wakiwa wameshinda 4–0 kwao, wakafungwa 3–0, wakasonga mbele. Alitoka mtu, tena akaondoka na nafasi ya nusu fainali. Mei 2023 watani wao Yanga wakacheza mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho hapohapo na USM Alger, wakafungwa 2–1. Alitoka na mwingine. Lakini jina lilikuwa limeshakaa, na ushindi au kushindwa haviliondoi.

Angalia lilivyokaa. Watu hawasemi "Uwanja wa Benjamin William Mkapa". Wanasema "kwa Mkapa", kama unavyosema kwa shangazi, kwa Mangi dukani, kwa Aziz Ali. Watangazaji wengine wanakwenda mbali zaidi, wanauita Lupaso, kijiji cha kusini kilichohamishiwa Temeke kila Jumamosi jioni. Wapo vijana wa darasa la nne wasiojua kama Mkapa aliwahi kubinafsisha mashirika ya umma au kuianzisha TRA, na wanaijua kona ya uwanja wake ambako jua halikuchomi machoni.

Magufuli mwenyewe naye alipewa, na alipewa angali hai. Mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyoyazindua Aprili 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, yaliitwa kwa jina lake tangu siku ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka huo picha za nyufa zilisambaa mitandaoni, Wakala wa Majengo akaeleza kuwa zile ni nafasi za kutanukia jengo, na wanafunzi wakapata utani wa muhula mzima. Jina halikutikisika; "nalala Magufuli" ni jibu la kawaida pale Mlimani. Kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis alikizindua Februari 24, 2021, siku moja na daraja la Ubungo. Kijazi, mwenye daraja, alikuwa amefariki wiki moja tu kabla, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Tarehe 6 Machi Magufuli alilazwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na tarehe 17 akafariki. Makamu wa Rais ndiye aliyelitaja jina la taasisi hiyo usiku ule kwenye televisheni. Ndani ya mwezi mmoja, majina ya majengo na majina ya wafu yalikuwa yamechanganyika kiasi cha kuchosha.

Zanzibar mambo haya yana ukaribu wa kifamilia. Uwanja wa ndege wa Kisauni ulipewa jina la Abeid Amani Karume mwaka 2010, na rais wa visiwa mwaka huo, akimalizia muhula wake, alikuwa Amani Abeid Karume, mwanawe. Hakuna aliyesema mzee hakustahili. Wapo tu waliotabasamu.

Baada ya Magufuli, mji wa serikali wa Mtumba, Dodoma, ulipewa jina lake, na watumishi wakaendelea kusema wako Mtumba. Stendi ya Mbezi imegawanyika: kwenye tiketi ni Magufuli, kwa wapigadebe ni Mbezi. Kubwa zaidi lilikuja Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua daraja la takriban kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza, kati ya Kigongo na Busisi, na kulikabidhi kwa umma kama Daraja la John Pombe Magufuli. Jiwe la msingi Magufuli aliliweka mwenyewe Desemba 2019. Lipo njiani kabisa kwa mtu anayetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na kwao Chato, na yeye alikuwa mbunge wa upande ule kuanzia 1995. Vivuko vya hapo na foleni zake alivijua kama abiria wengine.

Vivuko hivyo vilivusha magari, wagonjwa, maharusi, majeneza na ng'ombe kwa miaka, na msafiri aliyefika Kigongo jioni akiwa na haraka hakuuliza kingine ila kipo upande gani. Majina yake yalikuwa MV Sengerema, MV Misungwi na MV Mwanza. Daraja sasa linachukua dakika chache kwa gari, na makondakta wa Geita, nasikia, wanaliita Busisi.